Nani Anakula Vifaranga wa Mama Vifungo?

Mama Vifungo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu akishona hukosi kuona kifungo kimoja katikati ya meno yake. Akitaka kusema, hukitoa. Akiwa na hasira husema nacho humo humo, na hapo maneno yake huwa magumu kueleweka.

Mume wake huchomelea vyuma. Watu humwita Fundi Geti. Mageti yake yamejaa mtaani, na kila akipita mbele ya geti alilotengeneza mwenyewe, hupunguza mwendo alitazame. Mke wake alishamwambia, "Ungekuwa unanitazama mimi hivyo, tungekuwa mbali."

Katika nyumba hiyo aliishi pia mdogo wake Fundi Geti, dada ambaye ni msusi wa nywele saluni. Mama Vifungo alimwita wifi, naye alimwita Mama Vifungo wifi. Walielewana. Jioni walikaa barazani, mmoja akipindia nguo, mwingine akimsuka mwenzake, na Fundi Geti akilalamika kwamba katika nyumba yenye wanawake wawili hakuna anayekumbuka chai.

Kisha mtetea wao mwekundu akatotoa vifaranga kumi na mmoja.

Fundi Geti alisema vifaranga wake hawatalala kwenye banda la mbao kama kuku wa watu wengine. Akawatengenezea banda la chuma. Juu aliweka bati. Pembeni alipanga fito za chuma zilizonyooka. Kati ya fito na fito palikuwa na nafasi ya kidole gumba tu. Mlangoni aliweka maua mawili ya chuma, kisha akatundika kufuli kubwa. "Hapa hata mwizi mwenye msumeno atachoka," alisema. Majirani walikuja kulitazama. Mmoja aliuliza kama linaweza kutengenezwa kubwa zaidi, amfungie mume wake.

Mama Vifungo naye hakukaa nyuma. Aliweka sanduku la mbao ndani ya banda, akalijaza mabaki ya vitambaa vya kushonea. Kila vilipochafuka, aliongeza vingine juu yake. Vya chini hakuvitoa. Alisema vinaongeza joto. Jioni aliwamwagia vifaranga pumba na mtama wa kutosha, ili wakiamka na njaa usiku wasikose.

Funguo za kufuli zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Mama Vifungo, ameufunga kwenye kamba moja na mkasi wake. Mwingine alikuwa nao wifi, kwa sababu yeye aliwahi kuamka na kuwafungulia kuku kabla ya kwenda saluni.

Asubuhi moja wifi alisema, "Wifi, mbona naona kumi?"

Mama Vifungo alitoka na kuhesabu. Vifaranga hawatulii wanapohesabiwa. Mara ya kwanza alipata tisa, mara ya pili kumi na wawili, mara ya tatu kumi. Walikuwa kumi. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na unyoya hata mmoja. Kufuli lilikuwa limefungwa usiku kucha.

"Ni paka wa jirani," alisema Mama Vifungo.

Fundi Geti alicheka. Alichukua kiatu chake, akajaribu kukipitisha kati ya fito. Hakikupita. "Paka huyo ana kichwa cha sindano?" aliuliza.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, kipanga alishuka uani akanyakua kifaranga mmoja mbele ya macho yao. Mama Vifungo alimrushia ndara, ndara ikabaki juu ya paa. Alisikitika, lakini pia alipata nafuu. Sasa alimjua adui. Kumbe ni kipanga. Tangu siku hiyo vifaranga hawakutoka bandani asubuhi wala jioni.

Baada ya hapo akapotea mwingine. Ndani ya banda, chini ya bati, nyuma ya kufuli.

Mama Vifungo alichanganyikiwa. Kipanga hapasui bati. Paka hapiti kwenye fito. Alizunguka banda lile akiligonga kwa mkasi. Alitazama nyuma ya banda, mahali ambapo mume wake hulundika vipande vya chuma vilivyobaki, na majani yameota katikati. Hakuona kitu. Jirani alimwambia aweke vitunguu saumu, akaweka. Banda likanuka kama jikoni, na hakuelewa zaidi ya alivyoelewa mwanzo.

Jambo jingine lilimkera. Mtetea alikataa kulala sandukuni. Jioni alikwenda kusimama kwenye pembe ya banda, juu ya sakafu ya baridi, na vifaranga wake chini ya mbawa. "Kuku gani huyu anayekataa godoro?" Mama Vifungo alisema. Alidhani anajidai. Akamwongezea vitambaa, tena vile laini.

Wiki hiyo wifi alisafiri kumwona shangazi yake aliyekuwa mgonjwa. Aliondoka na mkoba wake, na ufunguo ukiwa ndani ya mkoba. Siku zote alizokuwa huko, Mama Vifungo alihesabu kila asubuhi. Walikuwa wanane. Walibaki wanane. Wifi alirudi jioni, akapokewa vizuri, akala, akalala. Asubuhi vifaranga walikuwa saba.

Hapo wazo baya lilimwingia Mama Vifungo, na likishaingia wazo la namna hiyo halitoki kwa kufagiwa. Alishona pindo la suruali akalifumua, akashona tena. Jioni wifi aliporudi kutoka kazini, alimkuta Mama Vifungo amekaa barazani, kifungo mdomoni.

"Wifi, ufunguo wako uko wapi?"

"Huu hapa."

Mama Vifungo akasema maneno mengine, lakini hayakusikika.

"Toa kifungo, wifi. Sijakuelewa."

Alikitoa. Safari hii alieleweka mno. "Ufunguo tunao mimi na wewe. Ulipoondoka hawakupotea. Umerudi, amepotea. Mimi nifikirie nini? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Wifi alirudisha ufunguo mkobani. Kisha alisema polepole, "Nisuke vichwa vya watu kutwa nzima, nije niibe kifaranga asiye hata na nyama. Nimpeleke wapi?"

"Ndilo ninalouliza."

Wifi alimgeukia kaka yake. Fundi Geti alikuwa amesimama mlangoni, akilitazama banda lake. "Kaka, na wewe unasemaje?"

"Kufuli halijavunjwa," alisema Fundi Geti.

Hakusema zaidi ya hapo. Lilikuwa jambo la kweli, lakini si jambo la kumwambia dada yako. Asubuhi wifi aliacha ufunguo juu ya cherehani, akachukua mkoba wake, akahamia kwa msusi mwenzake. Alifungua banda kwanza, akawapa kuku maji, kama kawaida yake.

Nyumba ilipooza. Hakuna aliyeuliza chai iko wapi. Mama Vifungo alijiambia kwamba ameumia lakini amepata ukweli, na ukweli una gharama yake.

Kisha akapotea kifaranga mwingine.

Alisimama mbele ya banda, funguo zote mbili mkononi. Sita. Alihesabu mpaka vifaranga wakamchoka. Wifi hayupo. Kufuli lipo. Sasa amebaki nani? Wakati wa chakula alimkazia macho mume wake alivyokuwa anatafuna.

"Nini?" aliuliza Fundi Geti.

"Hakuna," alisema. Kisha aibu ikamjaa, chakula kikamshinda. Kama mwizi si wifi, basi alimtukana mtu wa nyumbani kwake bure. Hakujua akamwambie nini. Hata akienda kuomba radhi, akiulizwa "basi ni nani?", hana jibu.

Siku hiyo hiyo alikuja mteja wake, Bibi Mifugo, kujaribu gauni. Huyu ni afisa mifugo wa eneo lile. Watu wengine walizoea kumwita bwana mifugo ingawa ni mwanamke, naye aliitikia, alisema ng'ombe hawajali. Mama Vifungo alimpima kiuno akaandika kwenye mabega.

"Fundi," alisema Bibi Mifugo, "umenipima mara tatu, na kila mara nanenepa. Una nini leo?"

Mama Vifungo akamweleza. Alianza na vifaranga, akarukia wifi, akarudi kwa kipanga, akamalizia na vitunguu saumu. Bibi Mifugo alimsikiliza na gauni likiwa limejaa pini.

"Damu umeona?"

"Hata tone."

"Manyoya?"

"Hata moja. Ni kama wameyeyuka."

"Kila mla kuku ana namna yake," alisema Bibi Mifugo. "Nguchiro au kicheche akiingia, mara nyingi huua wengi kwa mara moja, na utakuta damu. Paka huacha manyoya. Panya huburuta na kutafuna. Kipanga na kunguru huja mchana. Lakini kifaranga akitoweka mzima usiku, ndani ya banda lililofungwa, mimi kwanza humfikiria nyoka. Nyoka hatafuni. Humeza."

"Lakini banda ni la chuma."

"Lina nafasi?"

"Kidole gumba tu."

"Nyoka hahitaji zaidi ya hapo." Alivua gauni, akavaa nguo zake. "Mtetea analala wapi?"

"Pembeni, kwenye baridi. Nimemtandikia sanduku zuri, hataki. Anajidai."

"Tangu lini hataki?"

Mama Vifungo alifikiri. "Tangu alipopotea yule wa kwanza. Ndiyo maana nikamwongezea vitambaa."

"Unaviweka kwa kitu gani?"

"Kwa mkono," alisema Mama Vifungo.

Bibi Mifugo aliutazama mkono huo. Alitoka nje, akaomba ufito mrefu. Fundi Geti aliitwa kutoka karakana. Walimtoa mtetea na vifaranga wake uani, wakawafunika kwa tenga. Kisha Bibi Mifugo aliwaambia wote wawili wasimame mbali. Yeye mwenyewe alisimama nje ya banda, akapitisha ufito mlangoni, akaanza kuinua vitambaa kimoja kimoja. Cha maua. Cha sare za shule. Cha bitana. Chini kabisa, katika vile vya zamani, kitu cha rangi ya udongo kikajisogeza, kikatulia. Katikati kilikuwa kimevimba.

Mama Vifungo alirudi nyuma. Aliutazama mkono wake wa kulia.

Fundi Geti alikwishashika nondo. "Nipisheni."

"Weka chini," alisema Bibi Mifugo. "Wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika. Huyu sijui kama ana sumu, nawe hujui. Basi tumhesabu kwamba anayo." Alisogea nyuma, akapiga simu kwa watu wa wanyamapori. Walimtazama nyoka kutoka mbali ili wajue alipo, mpaka akaja mtu mwenye koleo refu na gunia, akamchukua.

"Na angeniuma?" Mama Vifungo aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ungekaa utulie, usikimbiekimbie, ukapelekwa hospitali haraka. Hakuna kuchanja, hakuna kunyonya sumu, hakuna kufunga kamba ikaze."

"Sielewi," alisema Mama Vifungo. "Kwa hiyo jioni nilipokuwa nafunga kufuli..."

"Ulikuwa unamfungia ndani na chakula chake. Aliingia mwembamba. Akila ananenepa, hawezi kutoka. Chakula kikiisha tumboni anaweza kutoka, lakini aende wapi? Umemtandikia."

"Lakini wifi aliposafiri hawakupotea. Aliporudi tu akapotea."

"Nyoka akishiba hulala. Anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. Hakujua wifi yako yuko wapi. Njaa ilimrudia siku ile, basi."

Mama Vifungo alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Alitamani jambo hilo liwe gumu zaidi, ili kosa lake lionekane dogo. Halikuwa gumu. Lilikuwa rahisi, na yeye alikwishamfukuza mtu.

Fundi Geti alikuwa akipima nafasi za fito kwa kidole chake, kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza.

Bibi Mifugo hakuwaacha hivyo. Alizunguka nao uani. Pumba na mtama unaobaki usiku, alisema, huita panya, na panya humwita nyoka. Rundo la vyuma lenye majani ni nyumba ya wote wawili. Vitunguu saumu ni vya mchuzi, havimzuii nyoka. Alimwambia Fundi Geti azungushe banda wavu wa waya wenye matundu madogo sana, ambayo hata ncha ya kidole cha mtoto haipenyi. Wavu ushuke chini ya udongo kiasi cha futi moja, ili anayechimba akutane nao. Chini ya mlango pasibaki mwanya. Na uani wawe na mahali pa kutembea palipofunikwa wavu juu, kwa ajili ya kipanga na kunguru.

"Maua yangu yatafunikwa," alisema Fundi Geti.

"Kuku hawatazami maua," alisema Bibi Mifugo.

Walifanya kazi hiyo kwa siku kadhaa. Vyuma vilihamishwa kwa ufito na mikono yenye glavu, si vidole vitupu. Majani yalikatwa. Vitambaa vyote vilitolewa, wakaweka maranda makavu, ambayo Mama Vifungo aliyatoa na kuyabadilisha kwa beleshi. Chakula kilichobaki kilifunikwa kwenye ndoo kabla jua halijazama, na mayai yaliokotwa kila siku. Kabla ya kufunga mlango, alimulika tochi kila pembe. Vifaranga sita walibaki sita.

Lakini hesabu nyingine ilikuwa bado. Mama Vifungo alikwenda saluni. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya mteja, vidole ndani ya nywele. Hakuacha kusuka.

"Wifi, nimekuja kukuomba radhi. Alikuwa nyoka. Alikuwa ndani ya vitambaa vyangu mimi."

Vidole vya wifi vilisimama kidogo, vikaendelea. "Nyoka alikula vifaranga," alisema. "Mimi ulinila wewe. Na kaka alitetea kufuli lake akatazama."

 Machozi yalimtoka Mama Vifungo, akayaacha yatoke.

"Msusi, unanivuta," alisema mteja.

Wifi hakurudi siku hiyo, wala wiki ile. Fundi Geti naye alikwenda. Aliketi kwenye benchi la wateja, katikati ya wanawake wenye vitana vichwani, akasema mbele yao wote kwamba alilitetea banda na kumwacha dada yake. Kwa mtu anayependa vyuma vyake namna ile, hilo halikuwa jambo dogo. Mwisho wa mwezi wifi alirudi na mkoba wake. Alisalimia vizuri. Lakini ufunguo hakuuchukua, na asubuhi alipita mbele ya banda bila kuligeukia.

Vifaranga sita wakawa kuku. Mtetea akaatamia tena, akatotoa tisa. Wakalala sandukuni na mama yao, juu ya maranda. Wakaota manyoya, wote tisa.

Jioni moja Mama Vifungo alikwenda kufunga, akahesabu. Wanane. Akahesabu tena kwa sauti. Wanane. Alipoinua kichwa, alimwona wifi amesimama kwenye mlango wa ua. Alikuwa ametoka kazini, mkoba begani. Alikuwa amesikia. Hakusogea mbele wala nyuma. Alikuwa anangoja aulizwe.

Mama Vifungo alimnyooshea tochi.

"Wifi," alisema, "njoo tutafute tundu. Macho yako ni mazuri kuliko yangu."

Wifi alimtazama kwa muda. Kisha aliweka mkoba chini, akachukua tochi, akainama upande wa pili wa banda. Walizunguka polepole, wakiangalia wavu, hawagusi kitu kabla ya kukimulika. Kwenye mlango wa sehemu ya kutembea, chini ya bawaba, waya mmoja ulikuwa umekatika, na wavu umefunuka.

"Hapa," alisema wifi. "Kaka, leta koleo. Kazi yako imepasuka."

Fundi Geti alikuja mbio, bila kujitetea. Alipokuwa akikaza waya, walisikia mlio mdogo nyuma ya pipa la maji. Wifi alimulika kwanza, akaona hakuna kingine, akamtoa kifaranga akiwa amelowa na anatetemeka. Alimfuta kwa pindo la nguo yake, akamwingiza ndani kwa mama yake. Alimulika pembe zote nne. Akahesabu.

"Tisa," alisema.

Mama Vifungo alimpa kufuli alifunge yeye, akaenda kupika chai. Hakuhesabu tena.